Uso wa Abigail na Tangazo la Unga

 

Leo tuweke pembeni mishono na mapishi. Nataka niwahadithie kesi moja ya zamani ya Marekani, ya msichana aliyeitwa Abigail Roberson, ambaye alikuta uso wake umebandikwa madukani kutangaza unga wa ngano. Kesi ile iliamuliwa mwaka 1902, lakini nikisikiliza tunavyobishana siku hizi juu ya picha, simu na hizi kampuni kubwa za mitandao, naona tunarudia maneno yale yale yaliyosemwa mahakamani wakati ule. Mimi elimu yangu ni ya sekondari na kozi ya ushonaji, sheria sikuisomea. Ila kazi yangu ni kuvisha watu, na picha za watu waliovaa nguo nilizoshona ndiyo nusu ya biashara yangu. Kwa hiyo kisa hiki nimekifuatilia kama mtu anavyofuatilia habari ya jirani yake.

Abigail aliishi Rochester, katika jimbo la New York. Kisheria alikuwa bado mtoto, hata kesi yenyewe ilibidi ifunguliwe na mlezi kwa niaba yake. Kulikuwa na kampuni ya kusaga na kuuza unga iliyoitwa Franklin Mills. Ikapata picha yake nzuri, na zikachapishwa nakala zipatazo 25,000. Juu ya uso wake paliandikwa maneno ya kuusifu kuwa ndio unga wa familia, chini likaandikwa jina la kampuni kwa herufi kubwa, na kwenye kona likawekwa jina la kampuni ya maboksi ya mjini kwake, Rochester Folding Box. Matangazo hayo yakabandikwa madukani, maghalani, na hata kwenye baa. Yeye mwenyewe hakuulizwa, hakuambiwa, wala hakulipwa.

Waliomjua wakamtambua. Wakaanza maneno, vijembe na vicheko. Kwa mujibu wa mashitaka yake, aliugua kwa mshtuko mpaka akalala kitandani na daktari akaitwa. Alichoiomba mahakama ni fidia ya dola 15,000 na amri ya kuzizuia kampuni zile mbili zisiendelee kuutumia uso wake.

Kabla sijawaambia hukumu ilikuwaje, nirudi nyuma kidogo, maana mji huo huo wa Rochester ndio alikotoka mtu aliyebadilisha habari yote ya picha duniani. Aliitwa George Eastman. Mwaka 1888 alianza kuuza kamera ndogo aliyoipa jina la Kodak, kwa dola 25. Ndani yake ilikuwa imeshawekwa filamu ya picha 100. Ukizimaliza, unaipeleka kamera nzima kiwandani kwa posta, wao wanazisafisha picha, wanaweka filamu mpya, wanakurudishia. Kazi yako wewe ni kubonyeza tu. Mwaka 1900 wakatoa nyingine, Brownie, kwa dola moja, na hapo hata watoto wakawa wapiga picha.

Fikirini lilivyokuwa badiliko lile. Kabla ya hapo, kupigwa picha kulikuwa safari. Unavaa, unakwenda studio, unakaa kwenye kiti, unaambiwa usitikisike. Huwezi kupigwa picha ya namna hiyo bila ya kujua, na kule kukaa kwenyewe ni ruhusa. Ilipokuja kamera ya mkononi, kiti kikaondoka na ruhusa ikaondoka nacho. Unapita zako njiani, mtu anabonyeza, basi. Nikiitazama simu yangu naiona ile Kodak: mimi nabonyeza, na yanayofanyika nyuma ya pazia nimewaachia wenyewe.

Wapo walioliona hilo mapema. Mwezi wa Disemba 1890 mawakili wawili wa Boston, Samuel Warren na Louis Brandeis, waliandika makala katika jarida la sheria la Chuo Kikuu cha Harvard. Walisema picha za kubonyeza na magazeti ya udaku yameingia mpaka katika maisha ya ndani ya watu, na kwamba sheria inapaswa kumpa mtu haki ya kuachwa na faragha yake. Makala ile inasomwa mpaka leo. Lakini makala si sheria, na hilo Abigail alilipata kwa uchungu.

Mahakama za chini zilimuunga mkono. Kampuni zikakata rufaa mpaka mahakama ya juu kabisa ya jimbo, na mwezi wa Juni 1902 majaji 7 wakagawanyika, 4 dhidi yake na 3 upande wake. Akashindwa.

Hukumu iliandikwa na jaji mkuu, Alton Parker. Sababu zake mbili za kwanza ni za kisheria, nazo nazielewa hata kama sizipendi. Alisema hakuna sheria wala hukumu ya zamani inayoitambua haki hiyo ya faragha, na kwamba wakifungua mlango huo mahakama zitajaa kesi zisizo na mwisho. Lakini palikuwa na jambo jengine ndani ya hukumu ile, na ndilo lililonifanya niandike leo. Jaji alisema kwamba picha yenyewe ni nzuri, na wapo ambao wangeihesabu kuwa ni sifa.

Yaani kwa lugha yetu: lalamiko la nini, bibi, na ulivyopendeza!

Nadhani hakuna mwanamke anayesoma hapa ambaye hajawahi kuambiwa hivyo. Umekwenda harusini, umejiachia na wenzio upande wa wanawake, kesho yake unajikuta kwenye stetasi ya mtu usiyemjua, nywele wazi. Ukiuliza unajibiwa, "Lakini si umependeza?" Kama kwamba kilichoulizwa ni uzuri. Kilichoulizwa ni ruhusa, na kupendeza si ruhusa. Gauni langu likiwa zuri dukani, uzuri wake haumpi mpita njia haki ya kulichukua. Bali uzuri ndio sababu ya kuweka bei.

Mmoja wa majaji watatu waliompinga Parker, Jaji Gray, alisema jambo linalokaribia sana mfano wangu wa gauni. Alisema kama uso wa msichana yule una thamani ya kuuzia unga, basi thamani hiyo ni mali yake mwenyewe mpaka atakapoamua kuitoa. Hilo ndilo neno la mwanamke wa biashara! Kampuni haikuchapisha nakala 25,000 kwa sababu ya kumsifu Abigail. Ilizichapisha kwa sababu sura ya msichana mzuri na mpole inauza unga. Walichokuwa nacho ni bidhaa ya bure, na mwenye bidhaa alikuwa kitandani anatibiwa.

Watu walikasirika. Magazeti yalishambulia hukumu ile hata mmoja wa majaji wa upande wa Parker akaona lazima aandike kuitetea katika jarida la sheria, jambo ambalo majaji hawana kawaida ya kulifanya. Na kilichofuata kilikwenda haraka: mwaka 1903 bunge la New York lilipitisha sheria kwamba hakuna ruhusa kutumia jina au picha ya mtu aliye hai kwa matangazo au biashara bila ya idhini yake ya maandishi. Ya maandishi, sikilizeni vizuri. Na kama ni mtoto, idhini ya mzazi au mlezi. Sheria ile ingalipo mpaka leo. Mwaka 1905 mahakama ya juu ya Georgia ikaamua kesi ya mchoraji mmoja, Paolo Pavesich, ambaye picha yake ilitumiwa na kampuni ya bima bila ya yeye kukubali, nayo ikampa haki. Majimbo mengine yakafuata taratibu.

Yule Jaji Parker naye alifikiwa na zamu yake. Mwaka 1904 chama cha Democratic kilimteua kugombea urais wa Marekani. Wapiga picha wakamwandama nyumbani kwake, yeye na familia yake, mpaka akalalamika hadharani kwamba hawamwachi apumue. Abigail aliposikia akamwandikia barua ya wazi, na gazeti la New York Times likaichapisha. Alimkumbusha kwa adabu iliyonyooka kama uzi wa rula kwamba kwa hukumu yake mwenyewe haki hiyo anayoidai haipo, na kwamba yeye anajua vizuri kwa sababu ndiye aliyenyimwa. Uchaguzi Parker alishindwa na Theodore Roosevelt. Mimi siasa za huko hazinihusu, lakini barua ile ningependa kuwa ndiye niliyeiandika.

Sasa miaka hiyo hiyo, kwetu Unguja, kulikuwa na nini? Kulikuwa na picha pia. Mjini palikuwa na studio za wapiga picha wa Kigoa, A. C. Gomes na kina Coutinho, na picha zao nyingi zilichapishwa kuwa kadi za posta zilizouzwa kwa wageni walioshuka melini. Majumba, bandari, karafuu, na wanawake. Wanawake wamevaa kanga, wanawake wanasukana nywele, wanawake wamesimama mlangoni. Kadi hizo zinauzwa mpaka leo na wakusanyaji wa vitu vya zamani, Ulaya na kwengineko. Zitazameni mkizikuta. Jina la mpiga picha mara nyingi lipo. Jina la mwanamke halipo, paliandikwa tu mwanamke wa Kiswahili, au mrembo wa Zanzibar. Wengine pengine walikubali na kulipwa kitu. Wengine kadi zenyewe hazisemi. Utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1897, tena chini ya himaya ya Uingereza. Mwanamke wa wakati huo akiuona uso wake unauzwa bandarini angekwenda kumshitaki nani?

Na hii ni katika mji ambao nyumba zake zimejengwa kwa hesabu ya sitara. Mgeni mwanamme anaishia barazani au ukumbini, madirisha yamepangwa mtu wa ndani aone na wa nje asione, na anayekuja anapiga hodi mara tatu, asipojibiwa anarudi alikotoka, kama dini ilivyotufundisha. Hodi tuliijua sana. Kilichokosekana ni hodi ya picha.

Miaka mia moja mbele, tuingie kwenye kampuni hizi za sasa.

Mwaka 2003, mwanafunzi mmoja wa Harvard, chuo kile kile cha makala ya 1890, alichukua picha za wanafunzi wenzake kutoka kwenye mitandao ya mabweni, akaziweka mbili mbili kwenye tovuti aliyoiita Facemash, watu wachague nani mzuri kuliko mwenzake. Ruhusa hakuomba. Vyama vya wanafunzi wa kike vikalalamika, chuo kikamwita mbele ya bodi ya nidhamu, akaomba radhi. Aliitwa Mark Zuckerberg, na mwezi wa Februari 2004 akafungua Facebook. Tofauti kubwa ya mara hii ni kwamba picha tuliziweka wenyewe.

Hapo dukani kwangu ndipo mjadala unapochemka, wakati watu wanasubiri kupimwa. Mmoja atasema, "Mimi sina cha kuficha." Mwengine, muuza maandazi, husema kila mara, "Hao matajiri wa Marekani wanitake mimi kwa lipi? Nina nini?" Na kila mtu anacheka. Mimi namjibu kwamba wewe ndiye hasa wanayekutaka.

Mwaka 2011 Facebook ilianzisha matangazo ya aina mpya. Ukibonyeza laiki kwenye ukurasa wa biashara fulani, jina lako na picha yako vinaweza kugeuzwa tangazo la biashara hiyo na kuonyeshwa kwa marafiki zako. Hukulipwa, na namna ya kujitoa hukupewa. Watu wa California wakashitaki, wakitumia sheria ya jimbo lao inayofanana na ile iliyozaliwa na kilio cha Abigail. Katika kesi ile yalitumika maneno ya viongozi wa kampuni wenyewe, kwamba hakuna kinachomshawishi mtu kama pendekezo la rafiki anayemuamini. Basi ndiyo hiyo thamani ya muuza maandazi wangu. Uso wa mwanamuziki maarufu unalipiwa mamilioni, lakini shoga yangu akiniambia sabuni hii nzuri, nitainunua kesho. Wao walilijua hilo wakalichukua bure. Mwaka 2013 kesi ikaisha kwa kampuni kukubali kutoa dola milioni 20, na waliodai wakapata dola 15 kila mmoja. Dola 15! Abigail aliomba 15,000, tena za wakati ule.

Baadaye ikaja habari ya kutambua nyuso. Unaweka picha ya sherehe, Facebook inakuambia huyu ni fulani na yule ni fulani, umtagi. Tulishangaa tukafurahi. Ili ifanye hivyo, ilikuwa imepima nyuso zetu, umbali wa jicho na jicho, pua na mdomo, kama mimi ninavyompima mtu kifua na kiuno, isipokuwa mteja wangu anajua kwamba nampima. Jimbo la Illinois lilikuwa na sheria ya tangu 2008 inayotaka ruhusa ya maandishi kabla ya kuchukua vipimo vya mwili kama hivyo. Kesi ikafunguliwa 2015, na mwaka 2021 mahakama ikaidhinisha malipo ya dola milioni 650. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo kampuni ikatangaza inaifunga huduma ile na kufuta vipimo vya nyuso za watu zaidi ya bilioni moja. Kati ya hizo sijui ngapi ni za kwetu. Sheria ya Illinois inawalinda watu wa Illinois.

Wengine hawakusubiri hata tuwe wateja wao. Kampuni ya Clearview ya Marekani, iliyofichuliwa na New York Times mwezi wa Januari 2020, ilikuwa imekusanya picha zaidi ya bilioni tatu kutoka mitandaoni na kuziuzia polisi huduma ya kutafuta mtu kwa uso wake. Walipoulizwa walijitetea kwamba picha zile ziko wazi kwa kila mtu. Na uso wa Abigail, ulipokwisha kubandikwa madukani, haukuwa wazi kwa kila mtu?

Nisije nikaonekana nawachukia watu wa teknolojia. Bila ya simu hii nisingekuwa na wateja Pemba, Dar es Salaam na Maskati wanaonitumia vipimo kwa ujumbe wa sauti. Nimesomesha mdogo wangu kwa pesa zilizoingia kwa sababu ya picha. Wanaosema tuzitupe simu baharini mimi siwaelewi, na wengi wao wanayasema hayo kwa kutumia simu. Nachosema ni kwamba kila mara kampuni huchukua kwanza na kuuliza baadaye, na mara nyingi huuliza pale tu mtu mmoja anapokubali kuonekana mkorofi. Tena tusiwatupie wakubwa wa ng'ambo peke yao. Tabia ile ile iko hapa hapa na haihitaji kompyuta ya bilioni.

Nilikuwa na mteja, bi harusi, binti mtaratibu sana. Nilimshonea gauni la siku ya mkole na la siku ya ukumbi. Aliniruhusu kuweka mtandaoni picha ya gauni kwa nyuma, shanga za mgongoni zionekane, uso usionekane, na ndivyo nilivyofanya. Lakini ukumbini kulikuwa na simu mia. Wiki mbili baadaye uso wake ukatokea kwenye tangazo la duka moja la vipodozi, jina nalihifadhi, pamoja na maneno kwamba mng'aro ule ni kazi ya krimu yao. Binti yule hajawahi kupaka mkorogo maishani mwake. Mama mkwe akaona. Mashoga wakaanza kumuuliza anatumia namba ngapi. Mume, ndoa haijatimiza hata mwezi, akataka kujua ni nani aliyewapa picha.

Nilimsindikiza dukani. Tulipokelewa vizuri, hata maji baridi tulipewa. Tukaeleza. Mwenye duka akaichukua simu, akaitazama picha, akamtazama binti, akasema, "Sasa ubaya uko wapi mwanangu? Si umependeza?"

Wallahi nilimkumbuka Jaji Parker.

Tangazo lilifutwa siku ya tatu. Lakini lilikuwa limeshakwenda kwenye makundi ya WhatsApp, na huko hakuna wa kulifuta. Watu wengi wanaamini WhatsApp ni salama, na kwa upande wa kampuni kusoma maneno yetu ni kweli yamefungwa kwa siri. Ila kufuli lile halimzuii shangazi kupiga skrinishoti.

Je, sheria kwetu ipo? Ipo, na wengi hatuijui. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 16, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kulindwa maisha yake binafsi na ya familia yake. Ikaja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa rasmi na Rais Samia mwezi wa Aprili 2024. Majirani zetu Kenya walitangulia na sheria yao ya 2019, na wao wameshaonyesha meno. Mwezi wa Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ya huko iliitoza baa moja ya Nairobi faini ya shilingi za Kenya 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ya ridhaa yake, na skuli moja 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila ya idhini ya wazazi.

Ile ya skuli niliwasomea wateja dukani kwa sauti. Kukawa na kimya. Mwalimu mmoja wa chekechea, aliyekuja kuchukua buibui lake, akasema, "Basi sisi tungefilisika." Maana picha za watoto wetu siku za mahafali na siku za maulidi zinapostiwa na kila mtu, na mzazi anazikuta huko huko kama wageni wengine. Kisheria Abigail mwenyewe alikuwa mtoto. Nadhani tumesahau kwamba mtoto wa miaka minne leo, siku atakapotafuta kazi au mchumba, atakuwa na picha mia kadhaa ambazo hakuwahi kuulizwa.

Muuza maandazi akasema haya yote mazuri lakini nani ataacha shughuli zake akamshitaki mtu kwa picha? Ana haki kuuliza. Yule bi harusi wangu alikataa kwenda popote. Alisema akishitaki picha itatazamwa zaidi, na hilo nalo ni kweli, ndiyo gharama aliyoilipa Abigail: alitaka uso wake usitangazwe, na kwa kudai hivyo jina lake likaingia kwenye vitabu vya sheria na halijatoka. Sikumlazimisha. Ni uso wake.

Kwangu mimi, kwenye daftari la oda, baada ya kifua, kiuno, nyonga na urefu, kuna mstari mmoja wa picha, na mteja anauandika kwa mkono wake mwenyewe. Wengine wanaandika sawa. Wengine wanaandika gauni tu. Juzi bibi mmoja wa Makunduchi, aliyeshonesha deli la kumuozea mjukuu, alichukua kalamu akaandika: picha hapana, ila nikifa mwanangu atakuja kukupa jibu jengine. Nimeacha nafasi chini yake.